Mumiani Si Vampaya

Miongoni mwa maneno yanayowataabisha wafasiri ni jina la yule maiti afufukaye usiku akaishi kwa kunyonya damu. Wengi humwita "mumiani" bila ya kusita. Sisi tunaona wanakosea, na kosa hilo hudhihirika zaidi katika hadithi za mashabiki, hasa zile tunazopendekeza ziitwe hadithi za makutano, ambamo msomaji huwakutanisha wahusika wa vitabu mbalimbali katika kisa alichokitunga mwenyewe.

Tuchukue riwaya ya Kim Newman, Anno Dracula, ya mwaka 1992. Newman ni mwandishi wa kazi, si shabiki tu, lakini ameijenga kwa njia hiyo hiyo. Dracula wa Bram Stoker (1897), badala ya kushindwa, anamwoa Malkia Victoria. Naye Lord Ruthven, aliyebuniwa na John Polidori mwaka 1819, anakuwa Waziri Mkuu wa Uingereza. Uzuri wa riwaya hii ni kwamba kitisho cha kale kimegeuzwa kuwa cheo: wako watu wanaotaka kuumwa ili wapande daraja. Je, mfasiri akiandika kwamba Waziri Mkuu huyo ni "mumiani", msomaji wa Tanga au Mombasa ataelewa nini? Mumiani amjuaye ni mtu hai, tena wa kukodiwa, atoaye watu damu ili iuzwe au itengenezwe dawa. Hafi akafufuka, haumi shingo, wala aliyetolewa damu hageuki kuwa mumiani. Enzi ya ukoloni shutuma hiyo iliwaangukia hata wazimamoto wa Nairobi. Neno hilo limebeba hofu ya watu wetu wenyewe, na hatuoni kwa nini litolewe mkopo kwa bwana mwenye ngome.

"Mnyonya damu" nalo lina mzigo wake. Tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967, mnyonyaji ni mtu aliyekwisha kuhukumiwa. Kwa watawala wa Newman hukumu hiyo inafaa sana. Lakini wale wa Stephenie Meyer katika Twilight (2005), jamaa ya Cullen, hujizuia wakanywa damu ya wanyama; kuwaita wanyonyaji ni kumkata mtunzi kauli. Na katika hadithi ya makutano hao wote huweza kukaa meza moja.

Kwa hiyo tunapendekeza "vampaya", katika ngeli ya viumbe: vampaya huyu, vampaya hawa. Tunakiri halipendezi sikioni. Ila halimfungi mtunzi. Sisi wenyewe hapo juu tumeteleza kuandika "usiku", ilhali Dracula wa Stoker hutembea mchana. Kuuawa na jua kuliletwa na filamu ya Nosferatu mwaka 1922, na wale wa Meyer juani humetameta tu.

Isitoshe, huenda siku moja mtunzi wetu akataka vampaya wa London ashuke bandarini Mombasa akutane na mumiani, mmoja akiwa na njaa, mwingine akitafuta bei. Kisa hicho hakitungiki ikiwa wote wawili wana jina moja.