Nissan Ndani ya Simu

Mchezo wa Bus Simulator Indonesia, uliotolewa na studio ya Maleo mwaka 2017, haukuundwa kwa ajili yetu. Lakini Waindonesia nao huendesha upande wa kushoto kama sisi, na mchezo wenyewe unamruhusu mtu kuingiza gari alilotengeneza. Hayo mawili yametosha. Huku Kondele, Kisumu, kijana mmoja anaunda matatu ya viti 14, ile tunayoiita nissan hata ikiwa ni Toyota Hiace.

Haanzi na kompyuta. Anaanza steji, akipiga picha kutoka ng'ambo ya barabara, kwa sababu kamera ikisogea karibu hulivimbisha gari pua. Kisha anainama kusoma tairi: 195R15. Kipenyo chake ni sentimita 69 hivi, na kwenye picha ya ubavuni kipimo hicho ndicho rula yake. Humo anapata kimo cha mlango, urefu wa paa, nafasi kati ya magurudumu.

Ndani ya Blender anachonga nusu ya gari tu, na programu inaakisi nusu ya pili. Umbo likishakaa, anatenganisha pande hizo, maana mlango wa kuteleza uko kushoto peke yake. Bodi yote ni pembetatu zilizoungana, na simu ya bei nafuu hulemewa zikizidi. Hapo ndipo nilipoanza kumheshimu. Nati za magurudumu hazichongi, atazichora. Mkunjo wa bati chini ya madirisha anauchonga, kwa kuwa mwanga huugusa hata gari likiwa mbali. Anafuta mstari, anazungusha gari, anatazama, anafuta mwingine. Mtu akipita nyuma yake ataapa kwamba hafanyi lolote.

Kisha anaipasua ngozi ya gari na kuilaza bapa, kama fundi cherehani anayefumua shati ili apate kiolezo. Mishono anaificha chini ya bampa na kando ya paa. Juu yake anatandika miraba myeusi na myeupe: mraba uliovutika unamwambia kwamba hata herufi zitavutika papo hapo. Ubavu wa kulia na wa kushoto zingeweza kutumia picha moja na kuokoa nafasi, lakini jina la njia lingesomeka kinyumenyume upande mmoja. Anazitenga. Mwisho unakuja mkanda wa njano, ule tulioletewa na sheria za matatu za waziri Michuki mwaka 2004, na lazima uvuke kutoka mlango hadi mlango bila kuruka hata nukta.

Kufungasha faili katika programu ya Unity ni kazi fupi. Kujaribu si fupi. Anatumia simu yake kuukuu makusudi. Gurudumu la nyuma linayumba: kitovu chake hakijakaa katikati ya ekseli. Anarudi Blender, anasogeza kidogo, anafungasha upya.

Mwaka 1994 Justin Fisher aliugeuza mchezo wa Doom kuwa dunia ya filamu ya Aliens, maadui na sauti zikiwemo. Kijana huyu naye hataki kuishia kwenye gari. Ameshaanza ramani ya barabara ya Kakamega, na kwanza anashughulikia mteremko wa Riat.