Nakshi ya Kioo na Nakshi ya Leso

Nakaa Hurlingham, magharibi ya jiji la Nairobi, si mbali na barabara ya Argwings Kodhek, mahali ambapo magari hayanyamazi mpaka usiku uwe umekwenda sana. Saa hizo, nikiisha kusahihisha madaftari ya wanafunzi wangu wa chuo cha ualimu, hufungua kompyuta nikachora nakshi za vitambaa. Sichori kwa kuuza. Nachora kwa kushindana na watu nisiowajua. Nataka kukueleza, msomaji kijana, mchezo huu ulivyo, kisha niupime mbele yako, maana nimeucheza miaka minne na sasa nina shaka nao.

Mashindano hayo hufanyika katika intaneti. Kampuni inayojulikana sana ni Spoonflower ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 2008, ambayo huchapa vitambaa vilivyochorwa na watu wa nchi nyingi, na ambayo iliwazoeza wachoraji kupewa mada na kuhukumiwa kwa kura. Wako na wengine wafuatao desturi hiyo. Mada huwa fupi, huenda ikawa ndege wa usiku au jikoni kwa bibi. Mchoraji hutengeneza kipande kimoja cha mraba, mfano wa kigae, na kompyuta hukirudia kushoto na kulia, juu na chini, hata kitambaa kijae. Ufundi umo katika kuficha maungo. Kazi ya mwanafunzi hujulikana mara moja, kwa kuwa jicho huona safu zimepangwa kama sakafu ya jikoni. Aliyekomaa hushusha kila safu ya pili kwa nusu ya kimo cha kigae. Ua lililokatwa na ukingo wa kulia hulimalizia katika ukingo wa kushoto, hata mtazamaji asijue nakshi ilianzia wapi wala inakoma wapi. Jambo hili lilinitaabisha miezi mitatu, wala siijutii hata siku moja ya hiyo.

Mwaka jana ilitolewa mada ya Afrika. Nilichora mbuyu, twiga wawili, na jua jekundu likituwa. Dirishani kwangu sioni twiga wala mbuyu. Naona mjakaranda mmoja, vyuma vya majumba yanayojengwa, na kunguru. Lakini nilijua wapiga kura watapenda nini, na nikawapa. Nakshi ile ilipata kura nyingi kuliko zote nilizopata kuchora. Nikaagiza kitambaa chake, nikakipeleka Mombasa kwa shangazi yangu, nikitarajia sifa.

Alikishika, akakigeuza, akakinyosha juu ya magoti. "Mwanangu," akaniuliza, "jina lake li wapi?" Nikamwambia hakina jina. "Na pindo?" Hakina pindo. Akakikunja kwa adabu, akakiweka juu ya cherehani, akasema kitafaa mapazia.

Nilikasirika njia nzima ya kurudi Nairobi. Kisha nikaanza kufikiri, na huko kufikiri ndiko kulikozaa insha hii.

Leso, au kanga kama waitwavyo na wengi wa Unguja na Tanganyika ya zamani, ina viungo vitatu. Lipo pindo, ambalo huzunguka pande zote nne. Upo mji, yaani uwanja wa katikati. Na lipo jina, ule mstari wa maneno ulio chini ya mji. Neno lenyewe leso ni la Kireno, nalo lilikuwa la vitambaa vya mkononi. Husimuliwa kwamba wanawake wa pwani, katika karne ya 19, walinunua leso hizo zikiwa hazijakatwa, wakaunga sita pamoja, tatu juu na tatu chini, wakapata vazi. Maneno yalikuja baadaye, kwanza kwa hati za Kiarabu, kisha za Kirumi. Mjini Mombasa duka la Kaderdina Hajee Essak, lililoanzishwa mwaka 1887, lilijulikana pwani nzima kwa alama yake ya "Mali ya Abdulla", na alama hiyo mnunuzi huitafuta pembeni kabla ya kuuliza bei.

Sasa tazama tofauti. Kigae changu hakina mwanzo wala mwisho; ukikate popote, kitambaa ni kilekile. Leso ina mipaka, na ndani ya mipaka ile kila kitu kina mahali pake. Ukiikata katikati umeiharibu kama aliyeukata ubeti katikati. Aichoraye hana budi kujua ikifungwa kiunoni pindo litaangukia wapi, ikitandwa kichwani ni sehemu gani itauzunguka uso, na jina litasomwa na nani anayekuja nyuma. Kioo cha kompyuta hakimuulizi mchoraji maswali hayo. Huonyesha mraba mdogo usiozidi kidole gumba, na mpiga kura huutazama kwa muda wa kupepesa jicho. Basi hushinda nakshi iliyo wazi kwa mbali na yenye rangi kali, hata kama mtu hawezi kuivaa.

Usidhani kwamba nailaumu mada. Leso zenyewe zimechapwa kwa mada tangu zamani: za uhuru, za vyama, za harusi, na kisutu chenye nyekundu, nyeusi na nyeupe ambacho bibi arusi wa pwani hakikosi. Mwaka 2008 Barack Obama alipochaguliwa rais wa Marekani, ilitoka leso yenye uso wake katikati na maneno ya kumpongeza. Iliuzwa sana, nami naihesabu kuwa kazi dhaifu. Uso wa mtu katikati ya mji ni picha ya ukutani iliyopotea njia: ikifungwa hukunjamana, na mvaaji akiketi humkalia rais. Mchoraji aliifikiria habari, asifikirie mwili. Ndilo kosa langu la twiga, ila yeye alikuwa na pindo.

Kura nazo si za kudharau kwa kuwa ni kura tu. Mwaka 2004 Kenya ilizinduliwa vazi la taifa baada ya wabunifu kushindana. Lilisifiwa, likapigwa picha, na watu wakaendelea kuvaa nguo zao. Sokoni leso hupigiwa kura pia, lakini mpiga kura hulipa, huvaa, na huulizwa na jirani amekusudia nini kwa jina lile. Kura ya namna hiyo hupigwa polepole.

Haki nayo isemwe juu ya leso. Ziko nyingi ambazo jina na nakshi havijuani hata kwa salamu. Mchapaji huchukua mji uleule wa mwaka juzi, akabadili maneno, akauza upya. Ukaona methali ya subira juu ya mananasi. Katika mashindano yangu kazi ya uvivu wa namna hiyo isingepita, kwa maana mada hudai nakshi iitikie. Hilo nimejifunza huko, wala shangazi hakunifundisha.

Mwezi uliopita nilijaribu kuviunganisha vyote viwili. Nilichora leso ya Hurlingham: pindo la maua ya mjakaranda yaliyoanguka, na katika mji vyuma vya ujenzi vikipandana kama mkeka, na kunguru mmoja kila pembe. Jina niliandika: Jiji halina usiku. Niliipeleka Mombasa kwa simu. Pindo alilipenda, kunguru aliniambia niwapunguze. Juu ya jina alisema hilo ni tangazo. "Leso," alisema, "mtu humwambia mtu. Hili umemwambia nani?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimewaambia watu wote, kama nifanyavyo kila juma. Nikamwomba anipe jina yeye. Akakataa, akasema ningeanza na jina kabla ya kushika kalamu, na kwamba nifikirie kwanza ni nani ninayetaka kumpa leso ile. Nimeandika matatu, na yote nimeyafuta. Mada ya juma hili katika mashindano ni mwezi na nyota. Nimeiacha ipite.