Samaki Kwenye Kona

Mwingereza ana neno moja tu la mpunga ulioko shambani, mchele ulioko guniani na wali ulioko sahanini. Mswahili anayemsikia hucheka. Mhispania naye, katika hili, yuko upande wa Mwingereza: kwake vyote ni arroz. Lakini mtajie samaki, uone. Akiwa bado anaogelea ni pez. Akishavuliwa akafika sokoni ni pescado, neno lililotokana na kitenzi cha kuvua, yaani hasa "aliyevuliwa". Wavu ndio unaombadilisha jina.

Sasa mfikirie mfasiri aliyeletewa sentensi ya Kiingereza isiyo na makuu aitie katika Kihispania: samaki yuko kwenye kona. Kona nayo ina mambo yake. Kwa ndani, pale kuta mbili zinapokutana na ufagio huegemezwa, ni rincón. Kwa nje, pale unapokata kuingia mtaa mwingine, ni esquina. Basi pez wa kwenye rincón amejibanza mwisho wa tangi la kioo, anapumua. Pescado wa kwenye esquina ana muuzaji, mizani, na pengine nzi. Mwandishi wa Kiingereza hakulazimika kuchagua. Mfasiri hana pa kukwepea.

Kamusi humpa maneno yote mawili, kisha humwacha palepale. María Moliner, mkutubi wa Hispania, aliuona upungufu huo. Alijaza vikaratasi nyumbani kwake Madrid kwa miaka kama 15, hadi Diccionario de uso del español ikatoka kwa mabuku mawili, 1966 na 1967, imepangwa ili mtu mwenye wazo aweze kulifikia neno lake.

Mahali pengine Kiswahili hukusaidia: libre na gratis, ambazo kwa Mwingereza ni neno moja, hazimsumbui aliyekua na huru na bure. Pengine hukuchekesha. Kwa Kiingereza kitenzi kimoja kinatosha mpira na gitaa. Sisi mpira tunaucheza, gitaa tunalipiga. Mhispania gitaa analigusa: tocar. Kwa gitaa naona katushinda, ingawa hata ngoma anaigusa, na sijaona ngoma iliyolia kwa kuguswa.

Mfasiri ninayemwamini ni yule ambaye, kabla ya kuandika chochote, haoni haya kumtumia mwandishi ujumbe wa mstari mmoja: samaki wako yuko hai?