Amri Inayosoma Kabla ya Kuandika

Django, kiunzi cha programu za wavuti kilichozaliwa katika gazeti la Lawrence Journal-World huko Kansas, Marekani, na kutolewa kwa umma mwaka 2005, kina amri ninayoipenda kuliko zote: inspectdb. Ielekeze kwenye kanzidata iliyotumika miaka mingi, nayo itakuandikia msimbo wa kuanzia.

Edgar Codd, aliyeasisi kanzidata za kimahusiano mwaka 1970 akiwa IBM, alishikilia kwamba maelezo ya kanzidata nayo yakae katika majedwali, yaulizwe kwa lugha ileile ya data. Humo ndimo inspectdb inamosoma. Haitumii yaliyomo katika rekodi ya mtu yeyote. Huuliza tu: kuna majedwali gani? Safuwima hii ni ya aina gani, na yaweza kuachwa tupu? Ufunguo wa kigeni unaelekea wapi?

Tuseme jedwali la mahudhurio ya kliniki lina safuwima mgonjwa_id, yenye ufunguo wa kigeni unaoelekea jedwali la wagonjwa. Amri huandika klasi mbili, moja kwa kila jedwali, na kuukata mkia wa _id. Tangu hapo, ukiandika hudhurio.mgonjwa unampata mgonjwa na taarifa zake zote, si namba tupu. Safuwima ikiitwa class, neno ambalo Python, lugha ya Django, imejiwekea, huipa jina class_field na kulihifadhi jina la asili pembeni.

Kinachonivutia zaidi ni adabu yake. Ikikuta aina ya data isiyoijua, huiita maandishi, kisha huandika wazi kwamba imekisia. Kila klasi huiwekea managed = False, ili Django isije ikaumba, kubadili wala kufuta jedwali lililokuwapo kabla yake. Haiandiki juu ya faili lako. Huonyesha matokeo kwenye skrini, na juu kabisa hukuorodheshea yaliyobaki kwako: kupanga klasi, kuhakiki funguo za msingi, kuamua rekodi zinazotegemea nyingine zifanyweje hizo nyingine zikifutwa.

Lakini husoma kilichotangazwa tu. Mbunifu asipoutangaza ufunguo wa kigeni, mgonjwa hubaki namba. Kwa hiyo sifa ni za wawili: amri inayosoma kwa makini, na mtu aliyeyachora majedwali kwa uangalifu, akiwarahisishia kazi waandishi wa programu ambazo wakati ule hakuna aliyeziwaza.