Altaneta Mpya, Waya wa Dainamo

Katika kazi iliyofanyiwa ile Land Rover ya mwaka 1964 pale Kambarage, kazi ambayo mafundi wengi wa Shinyanga waliishuhudia kwa macho yao na ambayo hata sasa inasimuliwa kwa sifa, limo kosa moja lisilokuwa na udhuru, nalo ni kuuchukua waya wa zamani, uliokuwa ukitoka kwenye dainamo kwenda kwenye kisanduku cha kata-auti, na kuufunga vilevile ulivyo mgongoni mwa altaneta ya ampea 70. Kibao cha kuishikia altaneta kilichongwa sawasawa, puli zilinyooka, na bodi iligeuzwa kutoka chanya kuwa hasi pasipo kuisahau koili. Nampa fundi heshima yake kwa hayo.

Sababu ya kuiondoa dainamo haikataliki. Ile C40 ya Lucas ilitoa ampea 22 ilipokuwa nzima, na gari likiwa kwenye silensa haikutoa kitu cha kutajwa, hata taa zikafifia mbele ya kila lango la mgodi lenye foleni. Lakini yafaa tukumbuke kwamba waliolitengeneza gari hilo waliupima waya kwa kadiri ya dainamo yao: nyuzi 44 nyembamba za shaba, zenye kustahimili ampea 27 na ushei, basi. Waya huo ulikuwa na akiba ya ampea tano hivi, na akiba hiyo ilitosha miaka yote madhali chemchemi ya umeme haikuweza kuizidi. Sasa chemchemi imeongezwa zaidi ya mara tatu, na njia imeachwa ileile, tena imezeeka, ganda lake limekauka kwa jua la Shinyanga na limekunjwa pamoja na nyaya nyingine ndani ya fungu moja, mahali ambapo mkono haufiki wala jicho halioni. Joto la waya halipandi sambamba na umeme upitao, bali hupanda kwa mraba wake. Mtu akitoka ampea 22 akaenda 60, joto halizidi mara tatu, linazidi mara saba.

Nimesikia utetezi, na kwa insafu niutaje: kwamba altaneta haisukumi ampea 70 kwa nguvu, bali hutoa kile tu kinachoombwa. Ni kweli tupu. Lakini hebu tuulize ni nani anayeomba. Mwenye gari amefunga mbele taa nne za wati 100 kila moja, ambazo peke yake hula karibu ampea 30. Taa kubwa za gari zinataka 10 nyingine. Na betri iliyoamka dhaifu asubuhi, baada ya redio kulia usiku kucha, hudai 20 bila haya. Altaneta hiyo ilinunuliwa ili ijibu maombi hayo yote kwa pamoja! Haiwezekani kuisifu kwa wingi wa inachotoa, kisha, ukiulizwa habari ya waya, ukajitetea kwamba haitoi kitu.

Na lipo jambo ambalo halikusemwa na yeyote siku ile. Umeme ule hutoka kwenye altaneta, hupita kisandukuni, ambamo fundi alitoa matumbo na kuziunganisha nguzo kwa kipande cha waya, hupanda mpaka kwenye mita ya ampea katikati ya dashibodi, ndipo urudi kwenye betri; safari ya mita nne hivi. Kwa ampea 50, waya mwembamba kiasi hicho hupoteza njiani zaidi ya volti moja, ilhali regyuleta iliyomo ndani ya altaneta huona volti 14 zake mgongoni na kuridhika kwamba kazi imekwisha. Betri hupokea chini ya 13, wala haishibi. Kwa hiyo mwenye gari amepata hatari ya moto na hakupata chaji. Ama ile mita, ambayo kipimo chake kinaishia ampea 30 kila upande, wote tuliuona mshale ukigonga ukingo na kubaki pale, na watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga.

Ugonjwa wa kuamini ukubwa nimeulalamikia mara nyingi, na tangu dhahabu ianze kuleta fedha za haraka kati ya Kahama na Geita umezidi: fyuzi ikikatika huwekwa karatasi ya sigara, na kilicho kikubwa hufungwa bila kuuliza kinafungwa juu ya nini. Mwaka huohuo lilipotoka gari hili, 1964, Wamarekani walileta Mercury Comet za silinda nane kwenye Safari Rally, na ushindi ukaenda kwa Ford Cortina ndogo ya Peter Hughes na Billy Young. Kisha Bert Shankland wa Dar es Salaam, akiwa na Chris Rothwell, akashinda 1966 na 1967 kwa Peugeot 404 yenye injini ya lita 1.6, kwa kuwa kila kiungo chake kililingana na kiungo jirani. Fundi aliyenifunza, ambaye ujana wake aliumalizia katika karakana za almasi za Mwadui, hakuwahi kufunga mashine mpya kabla ya kuushika waya kwa vidole na kuuliza unabeba nini. Hata kiwanda cha Solihull, kilipoipa Series III altaneta mwaka 1971, kilitandika nyaya upya.

Dawa haina taabu. Uvutwe waya mpya wa milimita mraba 16 kutoka altaneta moja kwa moja hadi kwenye betri, uwekewe fyuzi nzito karibu na betri, mita ya ampea iondolewe njiani na mahali pake pawekwe mita ya volti, na ule waya mwembamba wa taa ya chaji ubaki, kwa kuwa ndio unaoiamsha altaneta. Ni kazi ya nusu siku. Mpaka ifanyike, namsihi mwenye gari asiende Geita kwa njia ya Tinde na Kakola usiku akiwa amewasha taa zote nne, na kila anapoegesha karibu na nyumba aufungue waya wa betri.