Mbege Haimsubiri Mgeni

Anayetaka kuujua mji wa Moshi aende peke yake, na aende na njaa. Wageni wengi huja kwa makundi, wakalala usiku mmoja, wakakodi makoti na viatu, na kukipambazuka wako njiani kuelekea lango la Marangu au Machame. Mlima Kilimanjaro wa mita 5,895 ndio uliowaita. Mji wanaupita tu. Aliyekuja bila mwenzake hana kundi la kumhimiza. Atakaa kwenye benchi la mama ntilie, atauliza kilichomo chunguni, na kwa kuwa hana wa kuzungumza naye, atazungumza na wenyeji.

Mimi nilianzia Soko la Mbuyuni, asubuhi, kwa bakuli la mtori: ndizi na nyama zilizopikwa pamoja hadi zikalainika, kisha zikapondwa zikawa supu nzito ya moto. Ni chakula anachopewa mzazi akiwa bado kitandani na kichanga chake, na ukikinywa kwenye baridi ya asubuhi unaelewa kwa nini. Mchana nikala kiburu, ndizi zilizopikwa na maharage. Machalari nayo ni ndizi, safari hii zikiwa na vipande vya nyama ndani ya mchuzi. Kila mlo ulinirudisha kwenye mgomba. Kwa hiyo jioni ilipofika, nilijua pa kuelekea: nikapanda upande wa Kibosho, kutafuta ndizi zilizogeuka kinywaji.

Mbege, pombe hiyo ya ndizi, ni kazi ya siku nyingi. Ndizi huachwa ziive hasa, zikachemshwa kwa saa nyingi hadi maji yake yawe mekundu, kisha hufunikwa kwa siku kadhaa ili zichachuke. Wakati huohuo kuna kazi ya pili: ulezi hulowekwa, huachwa uchipue, huanikwa na kusagwa kuwa unga wa kimea. Unga huo hupikiwa uji. Magome ya mti wa msesewe nayo hutiwa kwa kipimo ili uchungu wake ukate utamu wa ndizi. Mwishowe maji ya ndizi huchujwa, yakachanganywa na uji uliopoa, na kesho yake watu hunywa.

Ugumu wote uko kwenye kukutanisha hivyo viwili. Uji ukimiminwa ungali wa moto, unaua kile kinachochachusha, na pombe inalala. Ndizi zikikaa kupita siku zake, ukali unameza kila ladha. Msesewe ukizidi, mnywaji anakunja uso na kuweka kata chini. Mpishi hupima joto kwa mkono, uchachu kwa pua, uchungu kwa ulimi. Ndizi za masika na za kiangazi hazilingani kwa maji wala kwa sukari, hivyo kila chungu anakihesabia upya. Huo ni ufundi kamili, na nausifu bila kusita.

Pale kilabuni Kibosho mama aliyeniuzia alionja kwanza, kama desturi inavyotaka, ndipo akanipa. Kwanza ukaja utamu wa ndizi, ukafuatwa na uchachu, halafu chembe za ulezi zikabaki mdomoni pamoja na uchungu mwembamba wa gome. Wazee wa benchi hawakuniuliza kwa nini niko peke yangu. Waliniuliza natoka wapi na kwetu mvua imenyeshaje, kisha wakanisogezea nafasi. Nilipomwambia mwenye pombe, "Aika, mae," yaani asante mama, walicheka kwa furaha, na tangu hapo nikawa wa benchi lile.

Bia ya chupa yenye jina la Kilimanjaro utaikuta Mtwara na utaikuta Kigoma, ladha ileile, kwa sababu imetengenezwa iweze kusafiri na kungoja. Mbege haina subira hiyo. Hata ikipikwa Dar es Salaam kwa ajili ya harusi ya Wachaga, saa yake ni ileile: leo ni tamu, keshokutwa ni kali. Ndiyo maana lazima uifuate ilipo, siku ilipoiva, ukae na watu walioijia. Kinywaji chenyewe kinalazimisha ujirani.

Na waliobeba ufundi huu ni wanawake. Katika kihamba, shamba la ukoo la Mchaga, kahawa ilihesabiwa kuwa mali ya baba, na ndizi mali ya mama. Kahawa ilipata chama kikuu cha ushirika, KNCU, mwaka 1933, na habari zake zimeandikwa vitabuni. Ndizi iliendelea kuchemka nyuma ya nyumba, ikinunua madaftari na sare za shule, bila kusifiwa na mtu. Heshima tunayompa mkulima wa kahawa, mpishi wa mbege anaistahili sawasawa.

Basi wewe utakayefika Moshi, usiishie hotelini. Uliza nani kapika leo, nenda kwake, kunywa kwa kiasi, lipa bei anayotaja. Na nyinyi vijana wa Kilimanjaro mnaorudi nyumbani kila Desemba, msifike siku ya kunywa tu. Fikeni siku ndizi zinapotiwa motoni, mkae na mama zenu jikoni. Kipimo cha msesewe kimo mkononi na ulimini mwao, na atakayekirithi ni yule aliyekaa karibu nao wakipika.