Mzinga wa Kahe na Mafundi Wake

Tarehe 21 Machi 1916, vikosi vya Waingereza chini ya Jenerali Jan Smuts vilipokuwa vikiisogelea Kahe, kusini-mashariki mwa Moshi, vilipigwa kwa makombora ya manowari. Bahari ilikuwa mbali. Kutoka Kahe hadi Tanga kuna zaidi ya kilomita 300 za reli. Hata hivyo mizinga miwili ya meli ya kivita ya Kijerumani, Königsberg, ilinguruma kutwa nzima chini ya Kilimanjaro. Mmoja ulikuwa umesimikwa ardhini na kufichwa, wa pili umefungwa juu ya behewa la reli. Usiku Wajerumani wakavuka mto Ruvu na kurudi nyuma. Ule wa kusimikwa haukuweza kuondoka nao, wakaulipua wenyewe.

Vitabu vya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia huupa mzinga huo sentensi moja, kisha hurudi kwa majenerali. Mimi nataka kukaa nao zaidi ya hapo. Mzinga wa meli hautembei. Umeundwa kukaa maisha yake yote juu ya sitaha ya chuma, na meli ndiyo miguu yake. Ukiukuta umesimama kwenye tambarare ya Kahe, ujue kuna watu walioufungua nati moja moja, wakauinua, wakausafirisha, wakauundia kitako kipya na kuulenga upya. Kazi ya watu hao ndiyo ninayoistahi katika kisa hiki, katika pande zote mbili za vita, na naamini iliamua mengi kuliko ushujaa uliopewa nishani.

Kisa chenyewe kinaanza na matengenezo. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914, manowari ya Kiingereza HMS Pegasus ilikuwa imetia nanga Unguja, mitambo yake ikishughulikiwa, haina uwezo wa kung'oa nanga upesi. Königsberg ikatokea na kuipiga, na siku hiyohiyo Pegasus ikazama. Lakini mshindi naye aliondoka akichechemea. Katika mashine za mvuke za zama zile, fito ya pistoni hupanda na kushuka wima, na mkono wa mashine huyageuza mapigo hayo kuwa mzunguko wa rafadha. Kiungo kinachovikutanisha viwili hivi hubeba nguvu yote ya mvuke. Kiungo hicho kilivunjika katika mashine mojawapo ya Königsberg. Meli ambayo watu wa pwani waliiita manowari ya bomba tatu, iliyozinduliwa Kiel mwaka 1905 ikiwa na boila 11 na mizinga 10, ikawa haiwezi safari ndefu kwa sababu ya kipande kimoja cha chuma.

Mahali pa kukitengeneza palikuwa Dar es Salaam, lakini mlango wa bandari ulikuwa umefungwa. Mwezi Agosti Wajerumani walikuwa wamelizamisha gati lao lenye kuelea katika mlango huo ili kuwazuia Waingereza, na kwa tendo hilo wakaifungia nje meli yao wenyewe. Nahodha Max Looff akaingia katika delta ya Rufiji, akajificha Salale kati ya mikoko. Vipande vibovu vikafunguliwa na kupelekwa Dar es Salaam kwa nchi kavu, kupitia matope, mchanga na msitu, kwa nguvu za mamia ya Waafrika waliotakiwa kuvuta chuma ambacho hakikuwa chao. Huko kwenye karakana vikatengenezwa, kisha vikarudishwa delta kwa njia ileile.

Tuifikirie kazi hiyo kwa utulivu. Fundi hana kipuri kipya cha kutoka kiwandani. Ana kilichovunjika, ana vipimo vyake, ana tanuri, fuawe na mashine ya kukerezea. Anafua umbo kubwa kuliko linalotakiwa, kwa kuwa chuma kilichozidi hupunguzwa, lakini kilichopungua hakirudi. Anakereza hadi karibu na kipimo, kisha anaiacha mashine na kushika kifaa cha mkono. Anapaka rangi nyembamba upande mmoja, anavikutanisha vipande viwili, anavitenganisha. Pale rangi ilipogusa ndipo palipoinuka. Anakwangua hapo tu, kidogo, kisha anapaka tena, kama mtu anayechambua mchele na hataki chuya hata moja ibaki. Uso ukikubaliana na uso, anasimama. Hakuna njia ya mkato katika kazi hii, na bahari haikubali udhuru.

Waingereza nao walikuwa na shida ya ufundi. Waliigundua Königsberg mwisho wa Oktoba 1914, lakini meli zao kubwa zilihitaji maji ya kina ambayo mikono ya Rufiji haina. Jibu lilikuwa HMS Severn na HMS Mersey, meli mbili bapa zilizoundwa na kampuni ya Vickers kwa ajili ya mito ya Brazil, kisha zikanunuliwa na Uingereza vita vilipoanza. Zilielea katika maji yasiyofika mita mbili, na kwa sababu hiyohiyo hazikufaa kitu katika bahari kuu. Mwisho wa Aprili 1915 ziliondoka Malta zikivutwa na tishari, zikapita Suez na Bahari ya Shamu, zikafika Mafia mwanzoni mwa Juni. Pamoja nazo ilikuja meli ambayo wachache huitaja: Trent.

Trent haikuzaliwa kwa vita. Ilikuwa meli ya abiria na barua ya kampuni ya Royal Mail. Mwaka 1910, karibu na Bermuda, iliwaokoa Walter Wellman na wenzake waliokuwa wamejaribu kuvuka Atlantiki kwa chombo cha kuelea angani. Miaka mitano baadaye ikapewa kazi ya ulezi: kuwa ghala, makazi na karakana ya meli mbili zisizoweza kujitegemea baharini. Mabaharia wa Severn na Mersey walilala humo, wakala humo, na vifaa vyao vikatoka humo.

Meli za aina hiyo zina historia ndefu katika jeshi la majini la Uingereza, hasa zile zilizohudumia nyambizi. Nyambizi ni chombo chembamba kilichojaa mashine, na mahali pa kuweka kiwanda hamna. Kwa hiyo kiwanda huifuata. HMS Maidstone, iliyozinduliwa Scotland mwaka 1937, ilikuwa na sehemu ya kusubu chuma, karakana za mashine nzito na nyepesi, mafundi shaba, maseremala, mafundi umeme, mitambo ya kuchaji betri za nyambizi, akiba ya torpedo zaidi ya 100, tanuri la mikate, dobi, hospitali na kanisa. Ilizihudumia nyambizi zilizotoka Aljeri kwenda kupigana katika Mediterania, halafu ikapelekwa Trincomalee katika Bahari ya Hindi. Meli ya namna hiyo huhesabu ushindi wake kwa idadi ya vyombo vilivyorudi vikiwa vimechoka na kuondoka tena vikiwa vizima. Trent, pamoja na udogo wa nyenzo zake, ilikuwa ya ukoo huo.

Katika maji ya Mafia, Severn na Mersey ziliongezewa bamba za chuma na magunia ya mchanga, na matumbo yake yakajazwa madebe matupu ili zikitobolewa zisizame upesi. Debe tupu ni jibu la fundi. Halina gharama, na hewa iliyofungwa ndani yake inafanya kazi bila kuangaliwa na mtu. Tarehe 6 Julai 1915 meli hizo mbili ziliingia deltani, ndege ikizielekeza kutoka juu. Mersey ikapigwa na mzinga wake mmoja ukanyamazishwa, nazo zikarudi bila kumaliza kazi. Zikafuata siku tano za matengenezo. Tarehe 11 Julai zikaingia tena, na mchana wa siku hiyo Wajerumani wakaizamisha meli yao iliyokuwa tayari inaungua.

Hapo ndipo historia nyingi hufunga kitabu, na hapo ndipo mafundi wa upande wa pili walipofungua chao. Königsberg ilikuwa imekaa kwenye matope ya maji mafupi, na mizinga yake yote 10 ya sentimita 10.5 ikatolewa. Mtutu mmoja una uzito wa zaidi ya tani moja, na hurusha kombora la kilo 17 umbali wa kilomita 12 hivi. Yakaja tena magogo, kamba, mabega na nyimbo za kazi, na mizinga ikafika Dar es Salaam, ambako mafundi waliiundia magurudumu.

Ugumu wa kazi hiyo ni mrejeo. Mzinga ukifyatuka hurudi nyuma kwa nguvu, na melini nguvu hiyo humezwa na uzito mzima wa chombo. Gari la magurudumu mawili halina uzito huo. Lazima liwe na mkia mrefu unaojikita ardhini, ekseli isiyopinda, na magurudumu mapana yasiyozama njiani. Ukiliimarisha kupita kiasi, wapagazi hawataliburuta. Ukilipunguza kupita kiasi, litavunjika kwa kombora la kwanza. Kati ya makosa hayo mawili kuna nafasi nyembamba, na mafundi wa reli waliipata kwa mbao na vyuma walivyokuwa navyo.

Kahe inaonyesha majibu mengine mawili ya swali hilohilo. La kwanza ni kuusimika mzinga. Unapata uthabiti wa sitaha, mradi kitako kiwe sawa kabisa, kwani kikiinama hata kidogo, kila ukigeuza mtutu shabaha inahama. Unalipa kwa kutoweza kukimbia. La pili ni behewa. Reli ya Tanga, iliyofika Moshi mwaka 1911, inaubeba mzinga bila wapagazi, lakini njia ina upana wa mita moja tu, na mzinga unaofyatua kwa ubavu hutaka kulipindua behewa. Kwa hiyo lazima lifungwe na kuegemezwa kabla ya kila pigo. Siku ile majibu yote mawili yalipimwa pamoja. Wa behewani ukaondoka, wa kusimikwa ukabaki.

Watu wa nchi hii hawakuhitaji kufundishwa chuma ni nini. Mashariki ya Kahe inainuka milima ya Upare, na huko Ugweno ukoo wa Washana uliyeyusha chuma kwa vizazi vingi, hata profesa Isaria Kimambo, katika historia yake ya Wapare, anaeleza kwamba uhunzi uliwapa utawala kabla haujaondolewa mikononi mwao. Chuma cha Upare kilipanda hadi kwenye miteremko ya Kilimanjaro, na wahunzi wa Mamba wakakifua kuwa mikuki, visu na majembe kwa mivukuto ya ngozi. Wahunzi wa Mamba wapo hadi leo. Mtu wa Uchagani aliyeuona mzinga wa Kahe umelipuliwa alijua thamani ya kazi iliyovunjwa pale.

Msomaji anayetaka kuiona kazi hiyo kwa macho aende Fort Jesus, Mombasa. Upo mzinga wa Königsberg, na jirani yake mzinga wa Pegasus, kwa maana Waingereza nao waliiopoa mizinga ya meli yao kutoka bahari ya Unguja na kuitia magurudumu. Wageni hutazama mitutu. Mimi naomba watazame chini, kwenye ekseli na maungo. Meli mbili zilizoangamia kwa sababu ya matengenezo ziliishia katika umbo moja, kwa kuwa mafundi wa pande mbili waliulizwa swali moja na chuma, na chuma hakina taifa.

Majina ya Looff na Smuts yamehifadhiwa. Ya waliokwangua kile kiungo cha mashine, ya walioburuta mitutu kutoka Rufiji na ya waliokisawazisha kitako cha Kahe hayakuandikwa kwenye vitabu tunavyosoma. Hilo ni deni, na sehemu yake inalipika. Katika miaka ya 1980, kwa msaada wa Bulgaria, kilijengwa wilayani Hai, jirani na Moshi, kiwanda cha Kilimanjaro Machine Tools cha kuunda mashine za kukerezea, yaani mashine zinazozaa vipuri vya mashine nyingine. Nchi yenye kiwanda kama hicho na wanafunzi wa kukiendesha haiwezi kukwama kwa kipande kimoja cha chuma, na kijana wa Moshi anayejifunza kukereza leo anastahili kuambiwa wazi kwamba anashika kazi iliyowahi kuamua vita, tena katika ardhi anayoikanyaga.